Je, Wajua? Paka, Kuni na Karoti Chini ya Theluji

Safari hii tunahamia Maine, jimbo la pembe ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye kaya ndogo za shambani: nyumba ya mbao, banda la kuku, bustani ya mboga, rundo la kuni na paka wawili watatu. Ni Januari. Vaa soksi mbilimbili, twende.

Je, wajua kwamba tarehe 16 Januari 2009, penye mto Big Black kaskazini mwa Maine, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 46 chini ya sifuri? Friza ya nyumbani hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Aliyejifungia ndani ya friza siku ile angekuwa amekwenda kuota moto.

Je, wajua kwamba mwezi Desemba jua la huko huzama saa 10 alasiri na dakika chache? Mchana mzima ni saa 9 hivi. Giza hilo ndilo linalosumbua kaya kuliko baridi yenyewe, na nusu ya mambo utakayosoma hapa chini chanzo chake ni mwanga, si joto.

Je, wajua kwamba kuku huhesabu mwanga? Anataka saa 14 hivi kwa siku ili atage vizuri. Siku zikifupika, anafunga duka. Mwenye haraka ya mayai huweka taa bandani inayojiwasha alfajiri; asiye na haraka humwacha kuku apumzike, naye akirudi kazini Februari na Machi hana malalamiko.

Na paka jike naye vilevile. Siku zikiwa fupi, kuanzia Oktoba hivi, joto lake la kutafuta dume hukoma. Mwaka mpya ukiingia na mwanga ukianza kurefuka, huanza tena. Mimba huchukua siku 63 hadi 65, kwa hiyo vitoto huangukia majira ya kuchipua, wakati panya nao wamezaana. Sasa njoo Lamu, Kisumu au Dar es Salaam, ambako mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani sana: paka wetu hana likizo, huzaa mwaka mzima. Wa Maine anayelala sebuleni chini ya taa mpaka usiku wa manane naye hudanganyika, akadhani ni kiangazi. Vitoto vya Januari mara nyingi ni kazi ya balbu.

Je, wajua kwa nini paka habanduki jikoni? Mwili wake hauhitaji kujitaabisha kujipasha joto wala kujipoza pale hewa inapokuwa kati ya nyuzi 30 na 38. Hiyo ni Dar es Salaam ya Februari. Nyumba ya Maine yenye moto unaowaka vizuri ina nyuzi 20, na kwa paka hiyo bado ni baridi. Mwacheni alale mbele ya jiko, hajawa mvivu.

Je, wajua kwamba Maine ina paka wa serikali? Tangu mwaka 1985 sheria ya jimbo inamtambua Maine Coon kuwa paka rasmi. Dume lake lenye kilo 6 hadi 8 ni la kawaida, yaani karibu mara mbili ya paka wa mtaani kwetu. Manyoya yake yamepangwa kwa kazi: ya tumboni na mapajani ni marefu, kwa sababu hapo ndipo theluji hugusa, vidoleni kuna vishungi vinavyomsaidia asizame, na mkia ni mrefu kiasi kwamba akijikunja hufunika nao pua. Zamani wengi wao walikuwa na vidole vya ziada. Hadithi inayosimuliwa kwamba amezaliwa na rakuni ni uzushi mtupu, wanyama hao hawawezi kuzaa pamoja. Mwaka 1895, kwenye maonyesho makubwa ya paka huko Madison Square Garden, New York, mshindi alikuwa Maine Coon aitwaye Cosey, akavishwa ukosi wa fedha.

Paka wa banda, asiyelala ndani, hutengenezewa sanduku. Je, wajua kwamba kumwekea blanketi ni kumwonea? Blanketi hunyonya unyevu wa pumzi na wa manyoya, kisha huganda. Nyasi kavu za malisho nazo hunyonya. Kinachofaa ni mabua ya ngano yaliyokwisha kupurwa: ni matupu ndani, yanasukuma maji, na paka huchimba shimo akajizika humo. Mlango uwe mdogo kiasi cha paka kupita tu. Sanduku kubwa ni kosa jingine, maana joto linalotakiwa kulijaza ni la mwili wake mwenyewe.

Je, wajua kwamba asubuhi ya baridi dereva wa shambani hugonga boneti kabla ya kuwasha gari? Injini iliyozimwa jioni hubaki na joto kwa muda, na paka huingia kwa chini akalala juu yake. Gonga mara mbili tatu, subiri kidogo, ndipo uwashe.

Hapo hapo kwenye gari kuna sumu. Maji ya rejeta yasiyoganda mara nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli. Kijiko kimoja cha chai chaweza kumwua paka kwa kumharibia figo. Watu husema paka huvutwa na utamu wake. Si kweli: paka hana uwezo wa kuonja sukari, kipande cha jeni kinachohusika kiliharibika zamani sana katika ukoo wake, na simba yuko vivyo hivyo. Hunywa kwa sababu kila maji mengine yameganda, au hukanyaga tone sakafuni kisha akajilamba miguu. Tone likidondoka, lifute papo hapo.

Je, wajua kwamba kumpapasa paka usiku wa Januari kunaweza kutoa cheche? Hewa ya nyumba inayopashwa moto hukauka mno, umeme tuli hujikusanya kwenye manyoya, na ukizima taa unauona. Paka hapendi mchezo huu hata kidogo.

Tuingie bustanini.

Je, wajua kwamba kuna watu wanaochuma saladi mbichi Maine katikati ya Januari bila kuwasha moto wowote? Mwalimu wao mashuhuri ni Eliot Coleman, mkulima wa Harborside, kwenye rasi iliyo ufukweni mwa Atlantiki. Mwaka 1968 aliuziwa ardhi hiyo na majirani zake, Helen na Scott Nearing, kwa dola 33 kwa ekari. Nearing na mkewe walikuwa wamehamia Harborside mwaka 1952, wakajulikana kwa nyumba za mawe walizojenga kwa mikono yao na kwa vitabu vya kuishi kwa kulima. Scott alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 100.

Hesabu ya Coleman ni nyepesi. Ukiweka kitalu nyumba cha plastiki juu ya bustani, ni sawa na kuihamisha bustani kilomita 800 kuelekea kusini. Ukitandika kitambaa chepesi juu ya mimea ndani ya kitalu hicho, umeihamisha 800 nyingine. Tabaka mbili, na mboga yako iko kwenye hali ya hewa ya majimbo ya kusini ingawa miguu yako imo kwenye theluji. Halafu akagundua jambo ambalo liko wazi kwenye ramani lakini watu hawaliangalii: shamba lake liko latitudo ya 44, sawasawa na kusini mwa Ufaransa. Mwanga anao kama wao. Walichomzidi ni joto tu, na joto plastiki inasaidia.

Je, wajua kwamba mchana ukipungua chini ya saa 10 mboga karibu zote husimama kukua? Huko kwa Coleman ni kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo mkulima wa msimu wa baridi halimi wakati wa baridi. Anapanda Agosti na Septemba, mboga zinafikia ukubwa wake kabla mwanga haujapungua, kisha anazichuma polepole. Kitalu kinakuwa ghala la kijani.

Ukitaka kuona kazi hiyo kwa karibu, ingia kitaluni saa moja asubuhi. Ukuta wa plastiki umeota maua ya barafu kwa ndani. Nyanyua kitambaa, nacho kimekakamaa. Chini yake spinachi imelala chali, majani yamekuwa meusi-kijani na yanang'aa, ukiligusa jani linavunjika kama kioo. Mgeni angesema limekufa. Usilikate. Nenda kanywe chai, urudi saa nne au tano jua likishapiga: jani limelegea, likajinyoosha, likasimama, na sasa kisu kinaruhusiwa. Aliyelikata likiwa limeganda amepata mchuzi.

Je, wajua kwamba karoti inayoachwa ardhini hadi sakitu ipite mara kadhaa huwa tamu kupita ile ya Agosti? Mmea ukihisi baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na maji yenye sukari huganda kwa shida zaidi. Unajihami, sisi ndio tunaofaidi. Sukuma wiki na ndugu zake wa jamii ya kabichi hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana wazee wa huko hawachumi mboga hizo kwa moyo mmoja mpaka sakitu ya kwanza ipige.

Karoti za kubaki shambani hufunikwa majani makavu kwa unene wa sentimita 30 hivi, kisha theluji hufunika majani. Theluji mpya zaidi ya sehemu 9 kwa 10 ni hewa, kwa hiyo ni blanketi halisi. Hewani panaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na udongo ulio chini ya theluji nene ukabaki karibu na sifuri. Balaa ni mwaka wenye baridi kali bila theluji: hapo ndipo mizizi hufa. Mkulima anayeomba theluji nyingi ana akili timamu.

Ila chini ya blanketi hilo kuna wapangaji. Panya wadogo wa shambani huchimba njia kati ya theluji na ardhi, wakatembea humo miezi mitatu bila kuonekana na bundi wala paka. Theluji ikiyeyuka, unakuta wamemenya gome la mtufaa pande zote, na mti umekwisha. Dawa ni wavu wa chuma kuzunguka shina, uwekwe kabla ya theluji ya kwanza. Paka wako hodari hapa hana msaada.

Je, wajua kwamba kitunguu saumu kinataka baridi ili kigawanyike? Maine hupandwa Oktoba, hulala chini ya theluji, huvunwa Julai. Punje isiyoonja baridi ya kutosha huishia kuwa kidonge kimoja cha mviringo bila vitembe. Ndiyo maana kwetu vitunguu saumu vinavyosifika hutoka nyanda za juu, kama Mbulu mkoani Manyara, na hakuna anayekwenda kuvitafuta Kibaha.

Tufaha nalo lina madai yake. Aina nyingi za nchi baridi hutaka saa 800 hadi 1,000 za ubaridi wa kati ya sifuri na nyuzi 7, la sivyo machipukizi hayaamki vizuri. Kabale, Uganda, wamelizunguka tatizo hilo kwa kupanda aina zinazoridhika na ubaridi kidogo, kama Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyoanzia Bahamas. Penye baridi haba, mkulima pia hupukutisha majani kwa mkono ili kuudanganya mti kwamba msimu umepita. Matufaha hayo yakivunwa, Maine au Kabale, usiyaweke ghala moja na karoti: hutoa gesi ya ethilini, karoti zikawa chungu.

Je, wajua kwamba mboji nzuri hufuka moshi Januari? Rundo kubwa la samadi na majani laweza kuwa na nyuzi 55 au 60 katikati huku nje pameganda. Wakulima wa mboga wa Paris katika karne ya 19 walijaza samadi ya farasi chini ya matuta yao, wakafunika mimea kwa vioo, wakauza saladi mjini kipindi chote cha baridi. Magari yalipochukua nafasi ya farasi, biashara hiyo nayo ikafifia.

Kwa haraka haraka sasa:

Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na ndiyo yanayopasua bomba. Usiku wa baridi kali watu huacha bomba likidondosha matone makusudi.

Misingi ya nyumba Maine huchimbwa mita 1.2 na zaidi, kwa sababu udongo ukiganda huvimba na kuinua ukuta.

Vitunguu vya aina zote, vibichi au vilivyopikwa, humharibia paka chembe nyekundu za damu. Masalia ya mchuzi usimpe.

Mmea wa nepeta, jamaa ya mnanaa anayewapagawisha paka, hunyauka wote wakati wa baridi kisha huchipua tena kutoka mizizini. Karibu paka wawili kwa watatu huupenda. Waliobaki hawana habari nao, na hilo ni la kurithi. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walionyesha kwamba paka akijisugua kwenye mimea ya namna hiyo, mbu humpunguzia ziara. Wa Maine hana mbu wa Januari wa kufukuza, anafurahi bure.

Vijidudu vya toksoplasma kutoka kinyesi cha paka huvumilia udongo ulioganda kwa miezi. Mjamzito avae glavu bustanini, hata baada ya majira ya baridi.

Kuku mwenye kilemba kirefu huunguzwa na barafu kilembani. Mtawa aliyeitwa Wilfrid Chatelain, huko Oka, Quebec, mwanzoni mwa karne ya 20 alizalisha kuku aitwaye Chantecler ambaye karibu hana kilemba. Ndiye kuku wa kwanza wa asili ya Kanada.

Nyuki hawalali. Hujibana kundi moja mzingani, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, na wa pembezoni hupokezana na wa katikati. Kwa kazi hiyo kundi huhitaji kilo 30 za asali na zaidi. Mrina-asali anayewanyang'anya yote Septemba hatakuwa na nyuki Aprili.

Chura wa msituni wa huko huganda kabisa chini ya majani makavu. Zaidi ya nusu ya maji ya mwili wake huwa barafu, moyo husimama, pumzi hukatika. Ini lake humwaga glukosi inayokinga seli zisipasuke. Joto likirudi huyeyuka, moyo unadunda, anaruka kwenda kutafuta mchumba.

Vifuniko vya masikio vya manyoya ni uvumbuzi wa kijana wa Farmington, Maine, Chester Greenwood, aliyevibuni mwaka 1873 akiwa na miaka 15. Hataza yake aliipata mwaka 1877.

Sasa kuni, na hapa tukae kidogo. Huuzwa kwa kipimo kinachoitwa kordi: rundo la upana mita 1.2, kimo mita 1.2, urefu mita 2.4. Nyumba inayotegemea kuni peke yake humaliza kordi kadhaa kwa msimu. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto hupoteza nguvu kuyachemsha. Kuni inayofaa ina unyevu chini ya asilimia 20, na hiyo ni kazi ya miezi ya jua na upepo. Anayechoma mbichi anapata hasara nyingine: moshi wake wa baridi hugandisha masizi ya lami ndani ya dohani, na siku masizi hayo yakishika moto, nyumba nzima iko hatarini. Hivyo dohani hupigwa brashi kila mwaka. Majivu nayo hayatupwi. Hukaa siku kadhaa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, mbali na ukuta, maana kaa lililojificha humo laweza kuishi siku tatu. Kisha hunyunyizwa bustanini kupunguza asidi na kuongeza potasiamu. Kwenye viazi hapana, majivu huviletea ukurutu.

Je, wajua kwa nini watu wenye umeme bado wanang'ang'ania jiko la kuni? Waulize walioona Januari 1998. Mvua iliyoganda ilinyesha siku mfululizo, barafu ikavunja miti na nguzo, na mamia kwa maelfu ya watu wa Maine wakakaa gizani, wengine kwa zaidi ya wiki mbili. Mwenye jiko la kuni alipika, akaota moto, akakaribisha majirani.

Je, wajua kwamba Maine kuna wakulima ambao mababu zao walitoka Tanganyika? Mji wa Lewiston una jamii ya Wasomali Wabantu. Wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakaishia bonde la mto Juba. Baadhi ya Wabantu hao bado wanazungumza Kizigua, na wapo waliorudi Handeni baada ya vita vya Somalia, wakapewa uraia wa Tanzania. Wa Lewiston wana mradi wao wa kilimo, Liberation Farms, wakilima mahindi, maharage na mboga. Hesabu yao ni kali: siku zisizo na sakitu ni miezi minne hadi mitano tu, na hindi halijui kungoja. Portland, mji mkubwa kuliko yote jimboni, nao una Wakongo wengi. Majira ya joto ya 2019 manispaa iliwafungulia mamia ya waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola jumba la michezo wapate pa kulala. Leo Kiswahili kwenye foleni ya duka la huko hakimgeuzi mtu shingo.

Je, wajua jinsi kaya inavyojua baridi inaishia? Si kwa kalenda, ni kwa mti wa mepoli, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Machi usiku ukiganda na mchana ukapanda juu ya sifuri, utomvu huanza kutembea shinani. Watu hutoboa tundu, hutundika ndoo, hukusanya maji yenye utamu wa mbali. Lita 40 huchemshwa mpaka ibaki lita 1 ya shira. Jumapili ya nne ya Machi wenye vibanda vya kuchemshia hufungua milango, umma unakwenda kuonja. Usiku ukiacha kuganda, utomvu hubadilika ladha na msimu umefungwa hapo hapo.

Kisha linakuja tope. Ardhi huyeyuka juu kwanza huku chini bado ni mwamba wa barafu, maji hayana pa kwenda, na barabara za vumbi zinageuka uji. Miji mingi hubandika matangazo ya kuzuia malori mazito kupita humo mpaka zikauke. Lori la kuni ni mojawapo, kwa hiyo aliyechelewa kuagiza za mwaka ujao atangoja hadi Mei, na jua la kuzikausha linakimbia.